Panya Rahisi, Mtu Kazi

Ukitaka kujua kama mchora katuni kazi yake anaiweza, usimwambie akuchoree simba. Mwambie akuchoree mtu anayevaa shati. Simba atakutisha kwa manyoya na meno, nawe utasahau kuuliza kama miguu yake ya nyuma imekaa sawasawa. Lakini mtu, bwana, mtu tunamjua. Tumeanza kumsoma tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Mtoto wa miaka mitatu, hajui a wala be, akiona mtu wa kwenye katuni anatembea ovyo atacheka, au atageuza uso pembeni. Hawezi kukwambia kasoro iko wapi, ila anajua ipo.

Habari hiyo ndiyo nataka tuizungumze, msomaji mwenzangu, wewe ambaye najua una daftari chini ya godoro lenye hadithi ambazo hujamwonyesha mtu. Nitasema habari za katuni za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono, karatasi kwa karatasi, na hasa namna zilivyomchora binadamu. Ukiona mahali nimekugusa wewe mwandishi, usinikasirikie. Nimekusudia.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu watu hudhani haya ni mambo ya watoto. Filamu ya sinema hupita mbele ya taa kwa picha 24 kila sekunde. Wachoraji walizoea kuchora mchoro mmoja na kuupiga picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja ilikula michoro 12. Pale mwendo ulipotakiwa uwe mwororo sana, kila picha ilipewa mchoro wake, yaani 24. Sasa chukua filamu ya Walt Disney iitwayo Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Ina dakika 83. Zidisha mwenyewe, utapata picha karibu 120,000, na katika picha nyingi kati ya hizo hakuna kiumbe mmoja tu, wapo watatu, wapo wanane. Kompyuta haikuwepo. Kulikuwa na penseli, kifutio, na meza yenye kioo na taa chini yake ili mchoro wa chini uonekane kupitia karatasi ya juu.

Mchoraji mkubwa alichora mikao mikuu: hapa mtu ameinama, hapa amesimama, hapa amegeuka. Msaidizi wake alijaza michoro ya kati. Kisha wanawake, jengo zima la wanawake, walinakili kila mstari kwa wino juu ya karatasi ngumu ya seluloidi inayopitisha mwanga, na kuipaka rangi kwa nyuma. Wekundu ule mwepesi wa mashavu ya Snow White ni mikono ya hao akina dada. Wakati ule kazi ya kubuni mwendo ilihesabiwa kuwa ya vijana wa kiume. Mwanamke wa kwanza kuandikwa jina lake kama mchora mwendo katika filamu ya Disney alikuwa Retta Scott, katika Bambi ya mwaka 1942. Kumbuka jambo hilo la nani anachora na nani anachorwa, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Mickey Mouse alipotokea mwaka 1928 katika Steamboat Willie, mikono na miguu yake ilikuwa kama mpira wa kumwagilia bustani: inavutika, inapinda popote, haina kiwiko wala goti. Na watu walifurahi. Nani amewahi kumwona panya mwenye kaptula na viatu, aje aseme panya hatembei vile? Panya ni rahisi kwa sababu hatuna ushahidi wa kumpinga mchoraji. Mwaka 1934 studio hiyohiyo ilitoa katuni fupi ya The Goddess of Spring, na ndani yake kuna mungu wa kike Persephone, mwenye umbo la binadamu hasa. Mtazame anavyocheza. Mikono inapepea kama haina mfupa, mwili hauna uzito, unaona kabisa kwamba huyu binti hajawahi kubeba hata ndoo ya lita kumi. Mikono ya mpira iliyompendeza panya ilimwaibisha mtu.

Na studio ilikuwa inataka kutengeneza filamu ya zaidi ya saa moja ambayo shujaa wake ni msichana. Si panya, si bata. Msichana wa kupendwa na kuliliwa na ukumbi mzima. Ikabidi watu wazima, wenye kazi na mishahara, warudi shule. Tangu mwaka 1932 mwalimu mmoja aitwaye Don Graham, kutoka chuo cha sanaa cha Chouinard pale Los Angeles, alikuwa akiwafundisha jioni. Mtu halisi anasimama mbele yao, nao wanachora. Anageuka, wanachora. Wakaangalia filamu kwa mwendo wa polepole, picha moja moja, kutafuta uzito wa mwili unakwenda wapi. Nadhani hapo ndipo walipoligundua lile ambalo sisi wote tunalifanya bila kulijua: kutembea ni kuanguka na kujidaka. Mguu unapopokea uzito, mwili unashuka kidogo. Mguu wa pili unapopita kando ya ule uliosimama, mwili unapanda. Bega la kulia linakwenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Na nguo huchelewa: mtu ameshasimama, kanga bado inakwenda.

Hapa mjanja mmoja atanyoosha mkono aulize: "Sasa si wampige tu mtu picha za sinema, halafu wafuatishe kwa penseli?" Swali zuri. Walishalifikiria. Max Fleischer wa New York alitengeneza mtambo wa kazi hiyo, rotoskopu, akaomba hataza mwaka 1915 na kuipata mwaka 1917. Filamu ya mtu halisi inaangazwa kwa nyuma, picha moja moja, kwenye kioo, nawe unaifuatisha juu ya karatasi. Mdogo wake, Dave, alivaa nguo za chale akarukaruka mbele ya kamera, na kutokana na miruko hiyo akazaliwa Koko yule chale wa katuni.

Disney nao walitumia kamera. Walimchukua binti mcheza ngoma, Marjorie Belcher, ambaye baadaye alijulikana kama Marge Champion, wakampiga picha akitembea, akizunguka, akiinama kama Snow White. Lakini tazama walichokifanya na zile picha. Kichwa cha Snow White ni kikubwa kuliko cha binadamu wa kweli, macho ni makubwa, mwili ni mfupi. Ukifuatisha mstari kwa mstari hautaingia. Ilibidi wachoraji kama Hamilton Luske na Grim Natwick, yuleyule aliyemchora Betty Boop mwanzoni, waiulize picha maswali, kisha waifunike na kuchora majibu. Mwili unashuka saa ngapi? Sketi inachelewa kiasi gani? Kichwa kinaanza kugeuka kabla ya mabega au baada yake?

Mwana wa mfalme ndiye aliyewashinda. Kijana wa kiume, mzuri, mnyoofu, asiye na kituko chochote cha kumshikia. Sehemu yake ikapunguzwa mpaka akabaki mwanzoni na mwishoni. Wale wazee wafupi saba, wenye mapua na matumbo na hasira, ndio waliojaza filamu. Sisi waandishi tunalifahamu tatizo hilo. Nani kati yetu hana hadithi yenye kijana mpole, mrefu, mwenye sura nzuri, ambaye ukiondoa jina lake hakuna kinachobaki?

Miaka ikapita. Cinderella ya mwaka 1950 ilitengenezwa wakati fedha ni za shida, kwa hiyo karibu hadithi nzima iliigizwa kwanza mbele ya kamera na watu halisi, Helene Stanley akiwa Cinderella, ili kusiwe na majaribio ya bure. Wachoraji wakapewa picha zilizochapwa. Wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, walikuja kuandika kitabu kikubwa mwaka 1981, The Illusion of Life, na humo wanaeleza kwamba kila walipoishika picha kwa karibu mno, mwendo ulikuwa wa kweli lakini kiumbe kilikufa. Mimi maneno hayo yalinikalisha chini. Mwendo wa kweli, kiumbe maiti. Inawezekanaje?

Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili. Kamera inachukua kila kitu kwa uzito mmoja. Inachukua kiwiko muhimu na kiwiko kisicho muhimu. Sisi tukimtazama mtu hatumtazami hivyo. Tunachagua. Ukimwona rafiki yako anatoka msibani, huoni viungo vyake vyote, unaona mabega. Mchoro hauna damu wala pumzi, una mstari tu, kwa hiyo mstari lazima uchague kama jicho linavyochagua, na ulichokichagua uutie nguvu kidogo kuliko ulivyokiona. Ndiyo maana ukinasa maongezi ya abiria wa daladala kwenye simu na kuyaandika neno kwa neno, hupati mazungumzo ya hadithi. Unapata makelele. Yamesemwa kweli, lakini watu hawamo.

Kwa hiyo kumchora mtu kunataka mambo mawili: umtazame mpaka uchoke, halafu uchague. Bila la kwanza huna cha kuchagua. Na hapa, ndugu zangu, ndipo habari yenyewe inapoanza kuniuma.

Maana nilianza kujiuliza: nani alitazamwa? Studio zile zilitumia miaka na fedha kujua binti mweupe anavyoinua ncha ya sketi. Je, mtu mweusi walimjuaje? Nikatafuta kanda, nikatafuta picha, nikaziangalia kwa kusimamisha na kurudisha nyuma.

Mwaka 1932 studio ya Fleischer ilitoa katuni fupi ya Betty Boop iitwayo Minnie the Moocher. Inaanza na Cab Calloway mwenyewe, mwanamuziki Mweusi wa Marekani, akijinyonganyonga mbele ya bendi yake, picha halisi ya kamera. Uzuri wa miondoko ile siwezi kuueleza. Kisha katuni inaingia, na ile miondoko inatokea tena, imefuatishwa kwa rotoskopu, lakini sasa imevikwa mwili wa mzimu wa mnyama wa bahari za baridi, yule mnene mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Hatua walizichukua, mwenye hatua akabaki kwenye utangulizi.

Mwaka 1940, katika Fantasia, Disney waliweka binti Mweusi, nusu mtu nusu punda, jina lake Sunflower, ambaye kazi yake ni kusugua kwato za wenzake weupe. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1969 alikatwa. Sawa, alikatwa. Lakini kumkata mtu si kumchora upya.

Na mwaka 1941 ikatoka Dumbo. Filamu hii naipenda, ndiyo maana inanisumbua. Bill Tytla, mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa zama zile, alipopewa kumchora mtoto wa tembo hakwenda kutafuta vichekesho vya tembo. Alimtazama mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka miwili. Ukimwona Dumbo anavyojisugua kwenye mguu wa mama yake, anavyojificha na kuchungulia, unamwona mtoto wa mtu. Tembo amepewa utoto wa kweli. Katika filamu hiyohiyo kuna vibarua wanaosimamisha hema la sarakasi usiku, mvua inanyesha, wanapiga nyundo huku wanaimba. Ni watu Weusi. Hawana nyuso. Mahali pa macho na mdomo pameachwa patupu. Tembo analia machozi na wewe unalia naye, na binadamu anayepigilia kigingi hana hata jicho la kumwagia chozi.

Mtu asiniambie kwamba hawakujua kuchora. Studio ni ileile, miaka ni ileile, na darasa la jioni lilikuwa limeshafunguliwa zamani. Walijua kwamba umbo la mtu linahitaji kutazamwa. Walikuwa wamelijua kwa jasho. Ila yuko ambaye walimwona anastahili kutazamwa, na yuko ambaye walidhani wameshamjua kutokana na vichekesho vya jukwaani. Huyo wa pili hakuitwa kusimama mbele ya darasa. Wala hakukaa kwenye meza ya kuchora: Floyd Norman, Mweusi wa kwanza kujulikana kwa kazi ya kuchora pale Disney, alianza mwaka 1956, akachora michoro ya kati ya Sleeping Beauty iliyotoka mwaka 1959.

Utasema hayo ni ya kale. Haya, twende mbele. Mwaka 1973 Wajapani watatu, Isao Takahata, Hayao Miyazaki na Yoichi Kotabe, walisafiri mpaka Uswisi kwenda kutazama kabla ya kuchora Heidi, mfululizo wa televisheni wa vipindi 52 uliotoka mwaka 1974. Matokeo yake ni kwamba ndani ya Heidi kuna mzee anayeyeyusha jibini motoni na kuipaka kwenye mkate, na mtoto anayeupokea kwa mikono miwili, na wewe uliyekaa mbali na milima hiyo unahisi njaa. Hakuna jini, hakuna vita. Watu wanakula, wanachunga mbuzi, wanalala kwenye majani makavu. Wageni walikuja, wakawatazama wenyeji, wakawachora.

Wasanii wa Disney nao walisafiri. Walikuja Kenya kabla ya kuchora The Lion King ya mwaka 1994. Walitazama nyika, miamba, mapambazuko, na walitazama vizuri. Simba wao wana mabega ya simba. Walichukua na maneno yetu pia: Simba, Rafiki, Pumbaa, na ile hakuna matata ambayo sisi huku Dar tunasema zaidi hamna shida. Mtu hayumo hata mmoja. Najua, ni hadithi ya wanyama, na hadithi za wanyama hatuwezi kuzikataa sisi tuliolala na Sungura na Fisi masikioni. Lakini mwaka 1999 wakatoa Tarzan. Huyo ni mtu, na Glen Keane alimchora kwa misuli ambayo mwanafunzi wa udaktari angeweza kuifanyia mtihani. Yuko Afrika, msituni. Anakutana na sokwe, anakutana na Waingereza. Mwafrika hakutani naye. Lugha ipo, nchi ipo, wanyama wapo. Sisi tumekwenda wapi?

Sitaki uondoke ukidhani hakuna aliyejaribu. Mwaka 1998 Mfaransa Michel Ocelot, aliyekulia kwa miaka kadhaa Guinea, alitoa Kirikou et la Sorcière, na ndani yake kijiji kizima cha Waafrika kinatembea, kinagombana, kinachota maji, kwa mistari michache tu iliyotulia. Mwaka 2009 Disney walimchora kwa mkono Tiana, binti Mweusi wa New Orleans, katika The Princess and the Frog, na akina dada wengi walimfurahia kwa haki kabisa. Ila sehemu kubwa ya filamu hiyo Tiana ni chura. Nilicheka peke yangu, kicheko kile kisicho na meno.

Baada ya kuyaona yote hayo nilijiambia: kulalamika ni kwepesi, daftari ni shilingi ngapi? Nikanunua daftari la kaunta, gumu, lenye kurasa nyingi. Ule mchezo wa shuleni unaujua: unachora kidogo kidogo kwenye kona ya chini ya kila ukurasa, halafu unazipitisha kurasa kwa dole gumba, mchoro unatembea. Nikaenda kukaa kwenye benchi la mama ntilie wa mtaani kwetu.

Siku za kwanza nilichora mikono yake tu, maana mikono ya mtu anayesukuma chapati ni darasa. Lakini mama yule alikuwa na jambo jingine. Kila asubuhi, mara moja tu, analinyanyua lile sufuria kubwa la maharage kulitoa jikoni na kuliweka kwenye benchi. Na kila alipolinyanyua, kabla hajageuka, kulikuwa na mtuo. Mdogo sana. Mwili unahamia mguu wa kulia, nyonga inapanda, kidevu kinaingia ndani, ndipo anageuka. Kwa saa yangu mtuo ule haukufika nusu sekunde. Wateja hawakuuona, walikuwa wanatazama maharage. Mimi niliutazama wiki nzima. Kisha nikauchora, na badala ya kurasa tano ulizostahili kwa hesabu, nikaupa kurasa tisa.

Asubuhi moja akaniona napitisha kurasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete hilo daftari, kila siku unaandika nini hapa? Usije ukawa mtu wa kodi."

Nikampa. Akafuta mikono kwenye kanga, akazipitisha kurasa mara ya kwanza, akacheka: "Eh, ndo mimi huyu? Sasa mbona hujanivalisha vizuri? Watu wa kwenye tivii wanavaa bwana." Akapitisha mara ya pili. Mara ya tatu hakucheka. Akanirudishia daftari, akakaa kwenye kindoo chake, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya saa za wateja.

"Umejuaje?"

"Kujua nini mama?"

"Kama mguu huu unaniuma." Akaugusa wa kushoto juu ya goti. "Mwaka wa pili huu. Hata baba yao sijamwambia."

Sikuwa na la kusema. Sikuwa nimejua chochote kuhusu mguu. Nilikuwa nimetazama tu, na nikachagua kukiongeza kile nilichokiona kinarudi kila siku. Maumivu yenyewe yaliingia kwenye karatasi bila mimi kuyajua jina lake. Tangu asubuhi hiyo sufuria la maharage nalinyanyua mimi, na chai silipii. Na mama akaanza kuniambia mambo mengine ambayo sitayaandika humu, maana aliniambia mimi, hakuyaambia magazeti.

Nimeyaleta haya kwenye jarida la waandishi kwa sababu naona ugonjwa ule wa studio za zamani na sisi tunao. Tunaandika: "Alitembea kwa huzuni." Huzuni hutembeaje? Ya mjane na ya kijana aliyefeli mtihani hutembea sawa? Tunaandika mama wa kijijini, shangingi wa mjini, mzee mlevi, mganga mwenye macho mekundu. Hao si watu tuliowatazama. Ni watu tuliowarithi kutoka hadithi nyingine, kama wale waliomrithi mtu mweusi kutoka jukwaa la vichekesho. Tukiwalalamikia wageni kwamba walituchora bila nyuso, basi na sisi tuulizane: house girl katika hadithi zetu ana uso? Konda wa daladala, ukiacha matusi yake, ana mabega? Mlinzi wa getini huwa anasimama kwa mguu gani ikifika saa tisa ya usiku?

Wewe unayechora, kazi yako iko wazi: kijiji kingine hakitatuchora kabla yetu, na wakituchora watachagua wao. Wewe unayeandika, kazi ni hiyohiyo, ila huhitaji hata penseli ya rangi. Chagua mtu mmoja ambaye hakuna anayemtazama. Usimpige picha, picha itakufanya uvivu, utasema nitaangalia baadaye. Kaa karibu naye siku saba kwa adabu, na ukiulizwa sema ukweli unafanya nini. Tafuta jambo moja ambalo mwili wake unalirudia: anavyohesabu chenji, anavyovua viatu, anavyoinuka kwenye kigoda. Linaweza lisifike hata nusu sekunde. Lipe kurasa tisa. Kama ni maneno, lipe sentensi tatu pale ambapo ungelipa moja, na yaliyobaki yote yaandike kwa kifupi.

Kisha, kabla hujatuletea sisi wahariri na wasomaji, mpelekee mwenyewe aone. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiogopa mpaka leo.